Mjusi wa Mfukoni

Mzee niliyekuwa nikimhudumia alikuwa na mazoea ya kupapasa mfuko wa shati lake. Asubuhi tukishatoka kibarazani na kahawa yake, mkono wa kulia unapanda taratibu hadi kifuani, unafungua kifungo, vidole vinaingia mfukoni na kutafuta. Halafu ananigeukia: "Yuko wapi?" Siku za mwanzo nilidhani anaulizia miwani. Naikimbilia ndani, namletea, anaipokea kwa heshima zote, anaiweka pajani, na mkono unarudi mfukoni.

Ilipita wiki nzima kabla binti yake hajanieleza. "Anamtafuta chura wake wa pembe," alisema. "Usimbishie. Mwambie amelala."

Hapo ni Fort Worth, jimbo la Texas, mwaka 2022. Kazi yangu ni kuwatunza wazee majumbani: kuwaogesha, kuwapa dawa kwa saa zake, kuwasikiliza. Mzee huyu alikuwa na miaka 87 na kumbukumbu zilikuwa zimeanza kumtoka. Za juzi na jana zilitangulia kuondoka, za utotoni zikabaki zimesimama kama nguzo za nyumba iliyoezuliwa. Nilimfundisha neno moja tu la Kiswahili, "Mzee", nikamweleza kuwa kwetu ni jina la heshima. Alilipenda. Sikumwita vinginevyo tangu siku hiyo, na humu pia nitamwita hivyo.

Alikulia kwenye shamba la pamba upande wa Eastland, magharibi ya hapa. Miaka ya 1940, aliniambia, hakukuwa na mvulana asiyekuwa na chura wa pembe mfukoni. Unamkuta asubuhi kwenye njia ya mchanga anaota jua, unamwokota, unamkuna tumbo, anafumba macho. Kanisani unaye. Shuleni unaye. Mwalimu akikukamata naye, unamtoa nje, na wakati wa mapumziko unaokota mwingine.

Nilimwomba binti anionyeshe picha kwenye simu, nikapigwa na butwaa. Hakuwa chura hata kidogo. Alikuwa mjusi, bapa kama chapati, tumbo pana, mkia mfupi, ubavuni safu mbili za miiba midogo, mstari mweupe ukipita katikati ya mgongo kama mshono, na kisogoni pembe. Pembe kweli, mbili za kati zikiwa ndefu kuliko wenzake.

Mimi ni mtoto wa Lushoto. Pembe kichwani mwa mnyama mdogo zinanirudisha moja kwa moja kwenye shamba la mahindi la bibi yangu, asubuhi ya ukungu, na kinyonga wa pembe mbili akivuka kijiti kana kwamba ana siku nzima ya kufikiri. Kwetu tulikuwa tukiwaua. Mimi mwenyewe, nikiwa na miaka minane, nilimponda mmoja kwa jiwe, kwa sababu kila mtu mzima niliyemjua alikuwa akimkimbia, na bibi kila alipomwona alitema mate chini na kutuita ndani. Sijaisahau rangi aliyobadilika alipokuwa akifa.

Nadhani ndiyo maana habari ya mjusi wa Mzee ilinishika vile. Nilikuja kugundua kwamba watu wa huku na sisi tumefika pale pale kwa njia mbili tofauti. Sisi tuliwaua wetu kwa kuwaogopa. Wao waliwamaliza wao kwa kuwapenda.

Lakini nianze na jina, maana jina limechangia.

Watu wa Texas wanawaita vyura wa pembe tangu zamani, na wanasayansi hawakulikwepa hilo. Mwaka 1825 daktari mmoja wa Philadelphia, Richard Harlan, alimwandika mjusi wa Texas na kumpa jina la cornuta, yaani mwenye pembe. Mwaka 1828 Mjerumani Arend Wiegmann akawatengea jenasi yao, yaani kundi la spishi ndugu, na kuiita Phrynosoma. Ni Kigiriki: phrynos ni chura, soma ni mwili. Kwa hiyo mpaka leo, kwenye maandishi ya kitaalamu kabisa, mjusi huyu anatembea na mwili wa chura. Hapa Fort Worth chuo kikuu cha TCU kimemfanya nembo yake tangu mwisho wa karne ya 19, na timu zake zinaitwa Horned Frogs. Siku ya mechi mji mzima unavaa zambarau, na ukimuuliza mwanafunzi aliyevaa fulana ya mjusi kama amewahi kumwona mjusi mwenyewe, mara nyingi jibu ni hapana.

Sasa, chura anataka maji na kivuli. Huyu anataka jua, mchanga, na ardhi yenye vipara. Mzee na wenzake walikuwa wakiwafuga kwenye makopo na maboksi ya viatu, wanawawekea sahani ya maji, majani mabichi, na nzi waliokufa. "Nilimpa kila kitu," Mzee aliniambia. Alikuwa akilisema hilo mara nyingi, kwa sauti ya mtu anayejitetea mbele ya hakimu. Alikuwa na hesabu yao, kumi na mmoja kwa miaka yote ya utoto wake, na aliwazika wote kumi na mmoja chini ya mti mmoja.

Kwa muda mrefu wanasayansi waliwahesabu pamoja na iguana katika familia moja kubwa. Mwaka 1989 Darrel Frost na Richard Etheridge waliigawanya familia hiyo, na hawa wakaangukia Phrynosomatidae, pamoja na mijusi wa mchangani wa majangwa ya Marekani na Mexico na wale wa magamba makali wanaopanda kuta za nyumba huku. Ndani ya Phrynosoma kuna spishi 17 hivi, na wapo wataalamu wanaohesabu zaidi. Wanaanzia kusini mwa Kanada hadi Guatemala. Wengine wanataga mayai mchangani, kama huyu wa Texas. Wengine, hasa wa milimani kwenye baridi, wanazaa watoto walio hai, maana ardhi ya huko haina joto la kutosha kuatamia mayai. Mmoja alipewa jina mwaka 2014 tu, Phrynosoma sherbrookei wa jimbo la Guerrero, Mexico. Hebu fikiria, wanyama ambao watoto wamekuwa wakiwachezea kwa karne nyingi, na bado mwaka 2014 anapatikana ambaye hakuwa na jina kwenye daftari.

Kuna kisa kimoja cha upangaji wa majina ambacho nimekisoma mara tatu. Upande wa Pasifiki, kuanzia kaskazini mwa California hadi ncha ya kusini ya Baja California, kulikuwa na spishi moja iliyoitwa coronatum. Wazee wa fani waliikata vipande vingi kwa kutazama magamba na rangi, na kila mtu alikuwa na mipaka yake. Mwaka 2009 Adam Leaché na wenzake walichapisha kazi yao. Walisoma vinasaba, wakapima umbo la pembe, wakalinganisha hali ya hewa ambayo kila kundi linaishi, wakafikia spishi tatu. Wa kaskazini akawa blainvillii, wa katikati ya Baja cerroense, na wa kusini akabaki na jina la zamani, coronatum. Mtu anaweza kusema ni mambo ya makaratasi. Siyo. Mtu akisema "coronatum wapo tele, wametapakaa pwani nzima", yule wa California aliyezungukwa na nyumba mpya na mashamba anafichika nyuma ya ndugu zake wa jangwani. Akipata jina lake, hasara yake inaonekana.

Nilipofika hapo niliweka simu chini, kwa sababu kinyonga wa bibi yangu ana kisa hicho hicho. Kwa miaka mingi vinyonga wa pembe mbili wa Usambara, wa Nguu, na wa Taita walikuwa wakirundikwa pamoja kwenye jina moja la fischeri. Mwaka 2006 Colin Tilbury na wenzake waliwaundia jenasi mpya na kuiita Kinyongia, kutoka kwenye neno letu kinyonga. Mwaka 2008 rundo la fischeri likafumuliwa. Yule wa Usambara Magharibi, wa Lushoto kwetu, ni Kinyongia multituberculata, wa Taita ni boehmei, wa Usambara Mashariki wana majina yao. Nilikuwa nimempiga jiwe mnyama wa milima yangu, ambaye makazi yake ni milima hiyo tu, nami nikidhani yuko kila mahali.

Nilimsimulia Mzee kisa hiki kibarazani. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza: "Na yule alikuwa anakula nini?"

Swali lile ndilo swali lenyewe.

Mjusi wa pembe anakula sisimizi. Anakula na mchwa na mbawakawa, lakini sahani yake kuu ni sisimizi wavunaji, wale wakubwa wekundu wanaokusanya mbegu na kuzunguka mlango wa shimo lao kwa uwanja uliofagiliwa. Kwa siku anaweza kula sabini hadi mia moja. Sisimizi ana ganda gumu na nyama kidogo, kwa hiyo lazima ale wengi, na kwa hiyo lazima awe na tumbo kubwa. Upana ule uliowafanya watu wamwite chura ni tumbo la mla sisimizi. Na mwenye tumbo kama hilo hawezi kukimbia, ndiyo maana ana rangi ya mchanga anamoishi, ana miiba, na akiona kivuli cha adui analala bapa na kutulia.

Sumu ya sisimizi wavunaji ni kati ya sumu kali kuliko zote zinazojulikana kwa wadudu. Mjusi huyu ana kitu ndani ya damu kinachoizima. Zaidi ya hapo, hatafuni. Ulimi unamnasa sisimizi, ute mzito kooni unamviringisha na kumfunga kama mtoto kwenye kanga, anamezwa mzima kabla hajapata nafasi ya kuuma. Mvua ikinyesha, anasimama, anainua mgongo, anashusha kichwa, na maji yanapita kwenye vijifereji kati ya magamba yake mpaka pembeni mwa mdomo. Anakunywa mgongo wake mwenyewe. Nchi yenye mvua chache hivi, ngozi yake ndiyo gata lake.

Na damu. Hili Mzee aliniambia kabla sijalisoma popote, na nilidhani ni mawazo ya ugonjwa. Mbwa wa shambani kwao alimbeba mmoja mdomoni, akamtema papo hapo, akawa anasugua pua kwenye nyasi na kutokwa mate, na uso wote ulikuwa na damu. "Siyo damu ya mbwa," Mzee alisema, akionyesha jicho lake kwa kidole.

Ni kweli. Mjusi huyu hubana mishipa inayorudisha damu kutoka kichwani, shinikizo linapanda nyuma ya jicho, vimishipa vidogo vinapasuka, na damu inaruka kama kutoka kwenye bomba la sindano, wakati mwingine mwendo wa mita moja na nusu. Francisco Hernández, daktari Mhispania aliyezunguka Mexico miaka ya 1570, tayari alikuwa amelizungumzia jambo hilo. Mwaka 1992 George Middendorf na Wade Sherbrooke walichapisha majaribio yao, wakaonyesha kwamba mbwa ndiye hasa anayemfanya mjusi wa Texas arushe damu. Mbwa-mwitu mdogo wa huku anayeitwa koyote, mbweha, na mbwa wa nyumbani wanachukizwa sana na ladha ile. Ndege hawajali, na yeye hapotezi damu yake kwao. Si spishi zote zinazofanya hivyo. Yule Sherbrooke ndiye mwenye jina kwenye sherbrookei wa Guerrero.

Kwa ndege ana pembe. Kuna ndege mbwigu, anayewatundika mijusi kwenye miiba ya miti na kwenye seng'enge ili awale polepole. Mwaka 2004 watafiti walipima mafuvu yaliyotundikwa ya spishi moja ya mpakani mwa California na Arizona, mcallii, wakayalinganisha na mijusi waliokuwa hai. Walio hai walikuwa na pembe ndefu zaidi.

Kwa hiyo mnyama huyu ana kinga dhidi ya sumu, mbwa, ndege, na kiu. Hana kinga dhidi ya mtoto anayempenda, wala ya mtu mwenye mfuko wa dawa ya sisimizi.

Hao kumi na mmoja wa Mzee walikufa kwa njaa. Bila sisimizi hawadumu. Na Mzee alikuwa mtoto mmoja tu. Katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita waliuzwa kwa watalii, wakatumwa kwa posta, wakakaushwa na kupakwa vanishi wawe mapambo ya mezani. Mwaka 1967 Texas ilipiga marufuku kuwakamata na kuwauza. Mwaka 1977 wakaingizwa kwenye orodha ya wanyama walio hatarini jimboni. Mwaka 1993 akatangazwa mtambaazi rasmi wa Texas. Kufikia wakati huo, ukichora mstari kutoka Fort Worth hadi Corpus Christi, upande wote wa mashariki yake alikuwa ameshatoweka isipokuwa vimfuko vya hapa na pale. Jimbo lilimpa cheo akiwa ameshaondoka kwenye nusu ya nyumba.

Eastland wanaye mmoja kwenye jeneza. Binti wa Mzee alitupeleka, kilomita kama 160 kwa barabara ya 20. Hadithi yenyewe inasimuliwa hivi: mwaka 1897 walipojenga mahakama ya wilaya, mjusi aliwekwa ndani ya jiwe la msingi. Mwaka 1928 jengo lilipobomolewa, jiwe likafunguliwa mbele ya umati, akatolewa, na akapiga teke. Wakamwita Old Rip. Walimzungusha nchi nzima, Rais Coolidge akamtazama, na mwaka uliofuata akafa. Sasa amelala nyuma ya kioo, juu ya kitambaa, kwenye mahakama mpya. Mimi siamini kwamba aliishi miaka 31 ndani ya jiwe. Mijusi hawa hulala ardhini miezi ya baridi, lakini hawalali miongo mitatu. Mzee anaamini, kwa sababu baba yake alikuwepo. Sikumbishia. Nilichokiona mimi pale ni mwili mkavu mdogo, na mjukuu wa mtu akimwinua mwanawe aone mjusi ambaye hawezi tena kumwona uani kwao.

Kwa nini hawarudi, kama watu wameacha kuwaokota? Kwa sababu ya sisimizi, tena.

Miaka ya 1930 sisimizi wageni kutoka Amerika ya Kusini walishuka kwenye bandari ya Mobile, Alabama, pengine ndani ya udongo uliobebwa melini. Wanaitwa sisimizi wa moto, na aliyeumwa hahitaji kuelezwa sababu. Walisambaa hadi Texas. Wanawafukuza sisimizi wavunaji, na wanashambulia mayai na vitoto ardhini. Watu wakaanza kuwamwagia dawa, na dawa haichagui. Inaua wa moto, inaua wavunaji, na wa moto ndio wanaorudi mapema. Nami nimefanya hivyo. Nyumba ya kwanza tuliyopanga huku, mwanangu aliumwa mguuni, nikanunua mfuko wa dawa ya punje dukani nikamwaga ua mzima, mpaka kwenye mashimo ya sisimizi wakubwa ambao hawakuwa wamemgusa mtu. Nilijiona mama mwangalifu. Sikujua kwamba sisimizi wanatofautiana. Wote nilikuwa nawaita sisimizi tu.

Jambo la pili linanigusa vibaya zaidi: nyasi. Mjusi wa pembe anahitaji ardhi yenye mafungu ya nyasi na vipara vya mchanga katikati, ili apite na ajue sisimizi wako wapi. Watu walipanda nyasi za malisho na za bustani zinazofunika ardhi yote kama zulia, na mwili mpana kama ule haupenyi. Nyasi mojawapo huku inaitwa ya Bermuda. Nilipoisogelea kwenye ua wa Mzee, nikaigusa na kuifuata na kidole shina kwa shina, niliitambua. Ni ukoka. Ukoka ule ule tuliokuwa tukiung'oa shuleni Lushoto siku za usafi.

Kwenye orodha ya kimataifa, mjusi wa Texas hahesabiwi kuwa karibu kutoweka. Ameenea bado New Mexico, Arizona, Oklahoma, Kansas, Colorado, na kaskazini mwa Mexico. Hili huwafanya watu walegee. Lakini watafiti wa TCU wamesoma vinasaba vyao na kukuta kwamba wa kaskazini na wa kusini mwa Texas si kitu kimoja, hata kama wote wana jina moja. Kwa hiyo kumchukua mmoja pwani ya kusini na kumpeleka kaskazini si kurudisha kilichopotea. Kazi ya kugawa majina haijaisha kwa kuandika jina la spishi.

Bustani ya wanyama ya Fort Worth imekuwa ikiwazalisha kwa miaka mingi. Ni kazi ngumu kwa sababu ya chakula chao, lazima uwe na sisimizi. Vitoto, vidogo kama sarafu, vimekuwa vikipelekwa kwenye hifadhi ya Mason Mountain katikati ya jimbo, kwa ushirikiano na idara ya wanyamapori ya Texas na TCU. Wengi hufa, wanaliwa na kila kiumbe chenye mdomo, na ndiyo maana huachiwa kwa mamia. Mwaka 2021 wataalamu walikuta huko vitoto 18 ambavyo inaaminika vilizaliwa porini na wazazi waliozaliwa bustanini. Nilisoma habari hiyo nikiwa kwenye kiti cha zamu ya usiku, nikalia kidogo. San Antonio nao wana mradi wao, wanawaachia kwenye mashamba ya watu binafsi, kwa sababu karibu asilimia 95 ya ardhi ya Texas ni ya watu binafsi. Asipokubali mwenye shamba, hakuna mjusi. Na ukitaka kuchangia, kuna pleti namba ya gari yenye picha yake. Katika dola 30 unazolipa, 22 zinakwenda kwenye hifadhi. Gari langu linayo.

Sisi Watanzania tuna deni la namna hii, na ningependa tulikumbuke. Chura wa Kihansi, yule mdogo wa manjano anayezaa watoto, alipokosa manyunyu yake baada ya maji kuchepushwa kwa ajili ya umeme, vyura 499 walisafirishwa hadi bustani ya wanyama ya Bronx, New York, mwaka 2000. Bustani ya wanyama ya Toledo, jimbo la Ohio, nayo ikawalea. Mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini. Mwaka 2012 akarudishwa Kihansi, kutoka kwenye vyumba vya vioo vya Marekani. Watu ambao hawajawahi kufika Udzungwa waliamka usiku kumlisha chura wetu wadudu wadogo wa kupimwa. Nikimwona mtu hapa Fort Worth anahesabu sisimizi kwa ajili ya mjusi, namwelewa.

Juni ya 2023 nilichukua likizo ya siku tatu, nikampakia mwanangu tukaenda Kenedy, mji mdogo kusini-mashariki mwa San Antonio. Nilikuwa nimesoma kwamba mijusi wa pembe wangali wanaishi katikati ya mji ule, vichochoroni, kwenye viwanja vitupu na kando ya reli, na kwamba watafiti wa TCU wamekuwa wakiwafuatilia humo. Mji wenyewe umejipa jina la makao makuu ya mjusi wa pembe duniani. Ni zaidi ya saa tano za barabara. Mwanangu alilala nusu ya njia.

Saa mbili asubuhi tulikuwa tumeshatembea vichochoro vinne. Nyuma ya nyumba, mapipa ya taka, mbwa nyuma ya wavu, magugu ya kupita kifundo cha mguu. Mama mmoja mtu mzima aliyekuwa akimwagilia nyanya alituuliza tunatafuta nini. Nilipomwambia, hakushangaa, alitikisa mpira wa maji kuelekea mbele: "Nendeni kwenye ule mchanga mweupe. Asubuhi huwa wapo." Ua wake haukuwa wa kupendeza kwa macho ya majirani zangu wa Fort Worth. Nusu vumbi, nusu magugu. Nilitamani kumkumbatia.

Mwanangu ndiye aliyemwona. Nilikuwa nimeshampita. Alikuwa mchangani, mkubwa kama kiganja cha mtoto, na hakutikisika. Mstari mweupe mgongoni. Pembe mbili. Tulichuchumaa kama mita mbili kutoka kwake, na mbele yake kulikuwa na njia ya sisimizi wadogo weusi ikipita kuelekea kwenye ukuta. Akainamisha kichwa. Ulimi ulitoka na kurudi kabla sijaelewa nimeona nini. Mwingine. Mwingine tena. Mwanangu alihesabu kwa kunong'ona, kwa Kiswahili, jambo ambalo hafanyi mara kwa mara siku hizi. Alifika thelathini na nne.

"Mama, naweza kumshika?"

"Hapana, baba. Mtazame tu."

Nilipiga picha saba. Mbili zilitoka vizuri, nikazichapisha dukani tuliporudi. Jumatatu asubuhi nilimpelekea Mzee moja kibarazani, pamoja na kahawa. Ilikuwa siku mbaya kwake, alikuwa hajanitambua nilipoingia. Aliishika picha kwa mikono miwili, akaisogeza kwenye mwanga, akaikaribisha usoni mpaka ikagusa miwani. Alikaa hivyo muda mrefu.

"Umemwacha?" aliniuliza.

"Nimemwacha, Mzee."

"Kulikuwa na sisimizi?"

"Walikuwepo. Wengi."

Aliiweka picha mfukoni, akafunga kifungo.